Taarifa ya Arobaini na Moja

Cherehani yangu na kompyuta ya binti yangu zinakaa meza moja. Upande wa dirishani ni wangu, maana mimi nahitaji mwanga wa kutunga uzi. Upande wa ukutani ni wake, maana ule ndio ukuta wenye soketi isiyocheza. Katikati tumeweka mkebe wa vifungo kuwa mpaka. Vifungo vyangu vikivuka ananirudishia, na nyaya zake zikivuka nazikunja.

Watu wakiniuliza binti yako anafanya kazi gani, zamani nilikuwa najibu "kompyuta," basi. Shule yangu iliishia ya msingi na sioni haya kusema sijui nisichokijua. Lakini mtu ukikaa naye meza moja kutwa, hata asipokufundisha utajifunza. Sasa naweza kueleza. Kuna lugha ambazo watu huziandikia kompyuta maagizo. Kila lugha ina kiini, sehemu ya ndani kabisa ambayo programu zote zinaiegemea, kama gauni zima linavyoning'inia kwenye mishono ya mabega. Kiini kikiwa na hitilafu, kila mtu anaivaa bila habari. Kwa hiyo watu wakiona jambo haliendi sawa wanaandika taarifa, na wenye ujuzi wanaleta na marekebisho kabisa, ambayo wenyewe wanayaita viraka. Niliposikia viraka nikasema haya, sasa tunaelewana. Binti yangu ni mkaguzi. Anasoma taarifa, anakigeuza kiraka ndani nje, anasema kinafaa au kirudi kwa fundi wake.

Sheria yao kubwa ni hii: huruhusiwi kuifunga taarifa ya mtu kabla hujafuata hatua zake, moja baada ya nyingine, kwenye mashine yako mwenyewe. Mtu akisema nilifanya hivi, nikatarajia hiki, nikapata kile, nawe unafanya hivyo hivyo, uone kama utapata alichopata.

Sheria hiyo aliileta mpaka jikoni. Siku moja nilimwambia bomba linavuja. Hakuinua hata macho.

"Ulifanya nini kabla halijavuja, mama?"

"Nilifungua maji."

"Ulitarajia nini?"

"Maji."

"Ukapata nini?"

"Maji, mtoto wewe! Sakafuni!"

Kujaribu kwenyewe kunachukua kama dakika arobaini. Kompyuta inapitia majaribio yote ya kile kiini, na inavyojitahidi, feni yake inaunguruma mpaka vifungo vinacheza mkebeni. Mimi muda huo nautumia kwa kola. Jaribio moja, kola mbili za shati la shule, nimezishona na kuzigeuza. Sihitaji saa ya ukutani.

Wiki ninayoisimulia, binti yangu alikuwa anasubiri kupewa ufunguo. Si ufunguo wa kushika, ni ruhusa. Mkaguzi anasema kiraka kinafaa, lakini wa kukiingiza ndani ya kiini ni mwenye ufunguo tu, na wenye ufunguo walikuwa watatu, kila mmoja mji wake. Miaka minne binti yangu amekuwa akisema kinafaa, kisha anakaa kusubiri mwezi mzima mtu aamke akiingize. Kuna na jambo jingine, ambalo yeye halisemi. Baba yake alipofariki aliacha chuo akarudi nyumbani kukaa nami. Hana cheti hata kimoja cha kutundika ukutani. Ufunguo ule ndio ungekuwa neno la watu wazima wenzake kwamba huyu anajua. Kura ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, na ni lazima wote watatu wakubali. Nilikuwa nimefunga siku tatu na kuliombea jambo hilo kwa jina lake kamili, Mungu asije akampa mtu mwingine.

Jumatatu akaja wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, na blauzi iliyombana makwapani.

"Wifi, blauzi imeingia maji, imesinyaa."

"Imeingia maji au imeingia mwili?"

"Utaniua na maneno yako. Na huyu mtoto? Bado anabofya tu?"

"Shikamoo, shangazi," binti yangu akasema. "Bado nabofya."

Nikawa nafumua blauzi, mara namsikia binti yangu anasonya. "Pilipili tena."

Pilipili ni jina walilompa wao wakaguzi. Ni mtu ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona, alikuwa ameshatuma taarifa arobaini, na kila moja inawasha. Siku moja aliandika kurasa mbili kwa sababu ya mkato mmoja kwenye mwongozo wa lugha. Alisema umekaa vibaya kama mlevi kwenye benchi. Siku nyingine aliwauliza wakaguzi wote kama wana macho au wametoboa matundu usoni kwa ajili ya hewa. Mimi nilikuwa namwomba binti yangu anisomee mara mbili. Lakini wao walikuwa wamemchoka, na wakishaliona jina lake mkono unakwenda wenyewe kuifunga taarifa.

Binti yangu akagonga gonga vibonye. "Arobaini na moja," akasema. "Nimefunga."

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Umemwambiaje?"

"Siyo kosa. Tafadhali soma mwongozo."

"Umejaribu?"

"Mama."

"Nauliza tu. Sijasikia mashine ikiunguruma. Bega moja sijamaliza kufumua, wewe umeshasoma, umejaribu, umehukumu?"

"Unanipima kwa mabega ya shangazi?"

"Ni makubwa, yanatosha kupimia," nikasema.

"Nimekaa kimya," wifi akasema, "nimekaa kimya kwa heshima ya marehemu. Lakini mwache mtoto, wifi. Hata daktari hampimi kila anayekohoa."

"Ndiyo maana kikohozi chako kina mwaka wa tatu."

Binti yangu akageuza kiti. Amerithi kidevu cha baba yake. Akikasirika kinatangulia mbele. "Mama, huyu mtu anatuletea mikato na nafasi. Nina taarifa sitini za watu wenye adabu zinanisubiri. Ijumaa ni kura. Ufuate hatua za Pilipili, dakika arobaini, uambiwe una matundu usoni?"

"Ni sheria yangu au yenu?"

Akaifungua ile taarifa kwa hasira, akaanza kuandika huku anazisoma hatua kwa sauti kubwa, ili nijue ninavyompotezea muda. Ndivyo nilivyopata kuelewa malalamiko yenyewe. Kiini kina kazi ya kupanga orodha. Ukiwa na orodha ya watu, ukaagiza ipangwe kwa uzito wa ugonjwa, mahututi wanakwenda mbele, wenye mafua nyuma. Na mwongozo unaahidi kwamba wenye ugonjwa sawa wanabaki kama walivyofika: aliyetangulia kufika anatangulia kuitwa. Pilipili alikuwa anasema kwamba katika toleo jipya, lile la majaribio, orodha ikipita watu sitini na wanne ahadi hiyo inavunjika. Wenye mafua wanageuka. Wa kwanza anakuwa wa mwisho.

"Na wa mwisho wa kwanza," wifi akasema. "Hiyo si imeandikwa?"

"Imeandikwa kwa ajili ya mbinguni, wifi, si kwa foleni."

Mashine ikaunguruma. Nikamaliza bega la kwanza, nikaingia la pili. Binti yangu alikuwa amekunja mikono, uso wa mtu anayesubiri kusema si nilikwambia. Kisha feni ikatulia, akainama kwenye kioo. Mikono ikakunjuka. Akaandika tena kidogo, akaangalia tena. Kile kidevu kikarudi mahali pake taratibu.

"Imegeuka," akasema.

"Nini?"

"Foleni. Imegeuka yote."

Wifi akacheka, akaona sisi hatucheki, akaacha.

Akaanza kutafuta kosa limeingilia wapi. Kwao kila kiraka kinaandikwa nani alikishona, nani alikikagua, nani alikiingiza. Akakipata. Kiliingia miezi miwili nyuma. Kilikuwa kiraka cha kuharakisha upangaji, kikipata orodha ndefu kinapita njia ya mkato. Mkaguzi aliyesema kinafaa alikuwa yeye.

"Lakini hicho nilikijaribu!" akasema, kama vile kuna mtu alikuwa amemshitaki. "Mama, ulikuwepo. Kiliunguruma mara tatu!"

"Kiliunguruma, nakumbuka."

Akafungua yale majaribio yenyewe, akayahesabu kwa kidole. Orodha ndefu kuliko zote ilikuwa ya watu thelathini. Njia ya mkato inaanzia sitini na tano. Kumbe alijaribu foleni fupi mara tatu, akasema foleni zote za dunia ziko sawa. Nimewahi kushona sare tisini kwa kipimo cha mtoto mmoja, najua ladha yake.

"Sasa si uifungue tena hiyo taarifa," wifi akasema, "mrekebishe, yaishe?"

"Nikiifungua tena, shangazi, lazima niandike kwa nini niliifunga. Inasomwa na kila mtu. Na Ijumaa ni kura."

"Na usipoifungua?" nikauliza.

"Toleo linatoka rasmi Jumamosi. Ya Pilipili hakuna atakayeigusa."

Wifi akasogeza kiti mbele. Yeye kwa mashauri hajambo. "Sikiliza mwanangu. Subiri Ijumaa mchana. Upigiwe kura kwanza, upewe ufunguo wako mkononi, halafu ndiyo ulione kosa. Ushtuke vizuri. Kosa litakimbilia wapi? Halina miguu."

Wote wawili wakaniangalia mimi. Nami nitasema kweli: niliona maneno ya wifi yana akili. Nilimfikiria binti yangu alivyorudi kutoka chuoni na begi lake moja, nikaona siku nne si kitu, foleni ya watu nisiowajua ingenivumilia siku nne. Nikasema naenda kusali. Nikapiga magoti kando ya kitanda, na badala ya sala nikajikuta napatana bei. Nikamwambia Mungu, wewe mpe ufunguo Ijumaa saa nne, mimi nitahakikisha kufikia saa tano amesema kila kitu. Sikupata jibu. Nilichopata ni kusikia vibonye vinagongwa sebuleni, haraka haraka, kisha kimya.

Nilipotoka alikuwa ameshaandika. Akanisomea. "Niliifunga taarifa hii bila kuijaribu, kwa sababu ya jina la aliyeileta. Sasa nimeijaribu, ni ya kweli. Kiraka kilicholeta kosa nilikipitisha mimi. Naomba toleo la Jumamosi lisubiri."

"Mtoto huyu," wifi akasema, akitafuta kitambaa mkobani, "ni baba yake mtupu. Naye alikuwa hawezi kudanganya hata kondakta."

Siku iliyofuata Pilipili akaomba waongee ana kwa ana kwenye kompyuta. Nikajifunga kitambaa vizuri kichwani, maana nilitarajia jitu lenye mishipa ya shingo. Akatokea mwanamume mwembamba, sweta limeisha viwiko, nyuma yake kabati la mafaili limejaa mpaka juu. Kumbe ni karani wa mapokezi kwenye zahanati. Akaniona pembeni.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba, huku namtafuta Pilipili ndani ya mtu yule nisimpate.

Akaeleza. Yeye ndiye aliyeiunda programu ya foleni ya pale zahanati, kwa mkono wake, na kila toleo la majaribio analijaribu mapema ili lisije likamwangusha baadaye. Wiki iliyopita wagonjwa wakapita sitini na wanne. Kuna bibi mmoja hufika kabla hata mlinzi hajafungua geti. Siku tatu mfululizo aliitwa wa mwisho kabisa.

"Siku ya kwanza akanung'unika," Pilipili akasema. "Siku ya pili akanilaani na ukoo wangu. Siku ya tatu alinipiga na mkoba, dada yangu. Ndani mna chupa ya chai, ile ya chuma. Nimeandika ile taarifa nikiwa na barafu kichwani, halafu unaniambia nisome mwongozo."

Binti yangu akainamisha macho. "Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Ila kwenye maelezo yako ya jana, mstari wa pili, kuna nafasi mbili baada ya nukta."

Hapo ndipo nilipomtambua.

Jumanne na Jumatano binti yangu alishona kiraka kipya, na safari hii majaribio yake yalikuwa na orodha ya watu mia tatu. Pilipili alikirudisha mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na haki, mara ya pili alikuwa na haki pia, na hilo lilimuudhi binti yangu zaidi. Alhamisi Pilipili akaandika kwamba foleni imekaa sawa, bibi wa mkoba ameitwa wa kwanza, na amelalamika kwamba ameitwa kabla hajakaa vizuri.

Ijumaa saa nne kasoro, wifi alikuwa ameshafika. Alisema amekuja kuchukua blauzi, ambayo alikuwa ameivaa. Tukakaa mbali na kamera, mimi na mkebe wangu wa vifungo mapajani, maana niliambiwa nisishone. Nyuso tatu zikatokea. Mmoja ni mzee wao, wanamwita Mlezi, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Wa pili ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Wa tatu ni yule binti yangu anamwita Kamusi, kwa kuwa sheria zote za pale amezimeza na huzitapika kwa namba.

Mlezi akakubali. Mama wa sauti ya kwaya akakubali. Kamusi akakohoa.

"Kifungu cha tatu," akasema. "Taarifa haifungwi bila kurudiwa. Mwenzetu ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikivunja. Tunampaje ufunguo?"

Wifi akanibana paja.

Mlezi akavua miwani ya machoni, akashusha ya kichwani. "Ni kweli. Basi na tuulizane na sisi wenye funguo. Mimi mara ya mwisho kufunga taarifa bila kuijaribu ilikuwa Jumapili. Ya Pilipili."

"Mimi wiki jana," mama wa kwaya akasema. "Mbili. Zote za Pilipili."

Wakamsubiri Kamusi. Alikuwa ameganda, mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba kidogo.

"Mtandao wake umekatika," Mlezi akasema. "Amekwama."

Nikamtazama yule mtu. Mimi kazi yangu ni vitambaa, macho yangu huenda kwenye kitambaa kwanza. Nyuma yake palikuwa na pazia la kijani, na lile pazia lilikuwa linapepea.

"Huyo hajakwama," nikasema. "Pazia lake linacheza."

Sikujua kwamba sauti ingefika. Binti yangu alifunika uso kwa viganja. Kwenye kompyuta, Kamusi akapepesa jicho. Mama wa kwaya alianza kucheka, na kicheko chake kilikuwa na sauti ya kwanza na ya pili.

"Nane," Kamusi akasema mwishowe, masikio yamemwiva. "Mwezi huu."

"Basi?" Mlezi akauliza.

"Basi bado nasema hapana. Tuko watatu wenye tabia hii na kiini kimefika hapa. Mkitaka tuwe wanne, sawa, lakini mimi sitakuwa niliyekubali. Kwanza tujirekebishe, ndipo tuongeze."

Niliitafuta hoja ya kumjibu, nikaitafuta kwa bidii ya mama mzazi, sikuiona. Hata Mlezi hakuiona. Wakakubaliana toleo lisogee mbele, na kura irudiwe toleo lijalo. Taarifa zote zilizofungwa za Pilipili zigawanywe kwa wanne, zirudiwe moja moja. Binti yangu akawashukuru kwa sauti iliyonyooka, akafunga kompyuta.

Hakulia. Alikaa akivitazama vifungo mapajani mwangu kama anavihesabu. Nilimwambia nisamehe mwanangu, ni mimi niliyekuchokoza Jumatatu, nawe ungekuwa na ufunguo wako sasa hivi.

"Ningekuwa nao," akasema. "Na kila nikiushika ningejua nilivyoupata." Kisha akavuta pumzi ndefu. "Nilikuwa nautaka sana, mama."

"Najua. Na mimi."

"Na mimi je?" wifi akasema. "Nimevaa blauzi ya sherehe."

Mchana ule ule ikaingia taarifa ya arobaini na mbili. Habari za kura zinawekwa wazi kwa wote, na Pilipili alikuwa amezisoma. Binti yangu akatusomea. "Kura yenu ina hitilafu. Hatua: wenye funguo watatu waulizwe kama mkaguzi huyu apewe. Nilichotarajia: apewe. Nilichopata: hakupewa. Rudieni mwone."

Sasa ikawa kesi, maana taarifa haifungwi bila kurudiwa, na zamu ya kuishughulikia ilimwangukia Kamusi. Hatukuondoka mezani. Nikamaliza kola mbili, nikaingia ya tatu, ndipo jibu lake likaja. Alikuwa amewapigia wenzake wote wawili simu, akawauliza upya, akajiuliza na yeye mwenyewe, na kila jibu akaliandika na saa yake.

"Nimefuata hatua zote," aliandika. "Wawili ndiyo, mimi hapana. Nimepata ulichopata. Si hitilafu, imekusudiwa. Nafunga."

Dakika haikupita, Pilipili akajibu.

"Sawa. Angalau hii mmeijaribu."

Binti yangu alilaza kichwa juu ya vibonye akacheka mpaka kioo kikajaa herufi, na wifi akawa anamuuliza nini, nini, niambieni na mimi, kwani wamempa?